MOI, CCBRT, Kijabe au India? Kumtafutia daktari mtoto aliyezaliwa na mfupa pungufu

Mama wa Dar es Salaam akijifungua mtoto mwenye mguu mmoja mfupi, hata hajatoka wodini ameshatajiwa hospitali tano. Shemeji anasema Muhimbili. Jirani anasema CCBRT, kwa sababu mtoto wa dada yake alifungwa POP (plasta ngumu) pale na leo anacheza mpira. Mtu wa ofisini anasema hapa mtapoteza muda, uzeni kiwanja mwende India. Wote wana nia njema, na yeyote kati yao anaweza kuwa amepatia au amekosea, maana hakuna aliyeuliza mtoto ana nini hasa.

Naandika kama shangazi, si kama daktari. Mtoto wa kaka yangu alizaliwa bila fibula, ule mfupa mwembamba unaokaa upande wa nje wa muundi. Madaktari huiita hali hiyo fibula hemimelia, na ndiyo nitakayoitolea mifano zaidi kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu. Kati ya mifupa mirefu ya mguu, huo ndio unaokosekana mara nyingi kuliko mingine, lakini "mara nyingi" hapa ina maana ya mtoto mmoja hivi kati ya 40,000. Nchini huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, kwa hiyo ukipiga hesabu unapata watoto 50 au zaidi kidogo, kuanzia Kigoma hadi Mtwara. Daktari bingwa wa mifupa anaweza kufanya kazi miaka mingi, akaunga mapaja ya waliopata ajali za bodaboda kila siku ya Mungu, na bado akawa ameona watoto wachache sana wa aina hii. Hilo si kosa lake. Ndiyo maana kuuliza "nani bingwa mzuri wa mifupa Dar" hakukufikishi mbali. Uliza kwa jambo hili, katika umri huu, nani anaweza kufanya nini.

Kwanza mjue ni hali gani

Kuna hali kadhaa ambazo kwa macho ya mzazi zinafanana, na kila moja ina njia yake.

Nyayo zilizopinda ndizo watu wengi wamewahi kuziona. Humpata mtoto mmoja hivi kati ya kila 1,000. Mifupa yote ipo, ila imejipanga vibaya unyayoni. Tiba yake ni njia ya Ponseti, iliyopewa jina la Ignacio Ponseti, daktari wa Iowa nchini Marekani: POP inayobadilishwa kila wiki kwa wiki 5 hadi 7 hivi, mara nyingi kano ya kisigino inakatwa kidogo, kisha mtoto analala na viatu vilivyounganishwa kwa chuma hadi afike miaka 4 au zaidi. Kwa hali hiyo usipande ndege. Inatibika vizuri hapahapa.

Fibula ikikosekana, mguu unakuwa mfupi, muundi unaweza kupinda kwa mbele na kuwa na kijishimo kwenye ngozi, unyayo unaelekea nje, na mara nyingi vidole vya upande wa nje vimepungua. POP haiwezi kuotesha mfupa. Kama mtoto mwenye vidole vitatu au vinne anafungwa POP wiki baada ya wiki na hakuna aliyepiga ekisirei ya mguu mzima kuanzia nyonga hadi unyayo, iombeni. Msione aibu. Nyonga iwepo kwenye picha kwa sababu mara nyingi mfupa wa paja nao huwa mfupi.

Muundi uliopinda nao una mambo yake. Ukipindia nyuma na ndani, unatisha kwa macho lakini kwa kawaida hujinyoosha wenyewe kadiri mtoto anavyokua, ikabaki tofauti ya urefu ya kushughulikia baadaye. Ukipindia mbele na nje, hapo kuna hatari ya mfupa kuvunjika na kukataa kuunga. Mtazameni ngozi: madoa 6 au zaidi ya rangi ya kahawa ya maziwa yanaweza kuashiria ugonjwa wa kurithi uitwao nyurofibromatosisi, ambao huenda pamoja na mfupa wa namna hiyo. Mtoto huyu anahitaji kifaa cha kuulinda mguu usivunjike, na akitokea mtu anayetaka kuukata mfupa haraka ili aunyooshe, mtafuteni mwingine wa pili kwanza.

Tibia, ule mfupa mkubwa wa muundi, ukikosekana ni adimu zaidi, karibu mtoto mmoja kati ya milioni, na katika baadhi ya familia hurithiwa. Hapo kila kitu hutegemea hali ya goti, kwa hiyo majibu mliyosoma kuhusu fibula hayawahusu.

Kisha kuna mkono uliopindia upande wa dole gumba kwa sababu radiasi, mfupa wa kigasha ulio upande huohuo wa dole gumba, haupo au ni mfupi. Huyu nasema mapema: msianze na daktari wa mikono. Hali hii huweza kuambatana na matatizo ya moyo, figo, uti wa mgongo na damu. Mtoto apimwe moyo kwa ekokadiogramu, apigwe ultrasaundi ya figo, apimwe damu picha kamili, halafu ndipo mkono uzungumziwe. Mkono unaweza kusubiri. Moyo huenda usisubiri.

Upanga na Msasani

Kwa kuanzia, mashindano ya kweli hapa mjini ni kati ya taasisi mbili, na watu huzilinganisha kana kwamba zinafanya kazi moja.

MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na ipo ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga. Nguvu yake ni upana. Mabingwa wa mifupa ni wengi, wa ubongo na mishipa ya fahamu wapo, vipimo vikubwa vya picha vipo, na getini kwa jirani kuna Hospitali ya Taifa yenye madaktari wa watoto pamoja na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Mtoto wa radiasi niliyemtaja anaweza kuonwa na watu wote anaowahitaji bila kuvuka barabara kuu. Kwa kutambua hali na kumchunguza mtoto mzima, sioni pa kuanzia pazuri zaidi nchini.

Udhaifu wake unatokana na nguvu hiyohiyo. Ni hospitali ya taifa na ya kufundishia. Ajali za nchi nzima huishia pale, na mtoto ambaye mguu wake haumuumi atasubiri nyuma ya paja lililovunjika jana usiku, na ni haki asubiri. Katika hospitali yoyote ya kufundishia, daktari mliyemkuta mwezi wa tatu anaweza asiwe yule mtakayemkuta mwezi wa sita. Kwa ugonjwa wa kawaida hilo halidhuru. Kwa hali adimu linachosha, kwa sababu kila mara mnaanza hadithi upya. Dawa yake ni kuuliza, mara tu mnapoingia, kliniki ya mifupa ya watoto ni siku gani na bingwa wake ni nani, kisha kung'ang'ania siku hiyo hata kama siku nyingine foleni ni fupi. Nchini tunatofautisha daktari bingwa na daktari bingwa bobezi. Nyinyi mnamtafuta aliyebobea kwenye mifupa ya watoto, au angalau bingwa ambaye wenzake humpelekea watoto.

CCBRT, iliyoanza mwaka 1994 na ambayo hospitali yake ipo Msasani, ilizaliwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Hilo mtaliona kwenye vitu vidogo: mtoto hashangawi. Kwa kaka yangu na wifi yangu, ambao kwenye daladala walikuwa wamezoea macho ya watu kushuka hadi kwenye mguu wa mtoto na kupanda tena, jambo hilo lilikuwa na thamani yake. Nguvu ya CCBRT ni utengamao: fiziotherapia, vifaa saidizi, viungo bandia, na uzoefu mkubwa wa nyayo zilizopinda. Karakana ipo karibu na kliniki, na kwa mtoto atakayevaa mguu bandia utoto wake wote hilo ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Lakini msiende Msasani kwa sababu tu mtoto wa jirani alipona pale. Alikuwa na nyayo zilizopinda. Wenu ana mfupa uliokosekana. Na upasuaji mgumu wa mifupa unahitaji chumba cha wagonjwa mahututi, benki ya damu na mabingwa wa fani nyingine, vitu ambavyo kwa wingi wake viko Upanga.

Ushauri wangu ni kwamba mtu asichague moja akaiacha nyingine. Upanga iwe ya kutambua na ya upasuaji mkubwa. Msasani iwe ya mazoezi, viatu na vifaa. MOI nayo ina karakana ya viungo bandia, kwa hiyo anayekaa Gongo la Mboto au Mbagala anaweza kumalizia kila kitu Upanga. Anayekaa Tegeta au Kawe ataona Msasani ni nafuu ya nauli. Nauli si jambo dogo kwa mtoto atakayehudhuria kliniki hadi atakapomaliza kidato cha nne.

Hospitali binafsi

Aga Khan iliyopo kando ya bahari na hospitali nyingine kubwa za binafsi hutoa kitu kimoja ambacho ni adimu kwingine: dakika. Daktari anakaa, anachora kwenye karatasi, mnauliza maswali yote. Tofauti ya utaalamu mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti ya bili, kwa kuwa si ajabu bingwa unayemlipia jioni kuwa ndiye aliye hospitali ya serikali asubuhi. Mimi ningezitumia kwa mazungumzo marefu mara moja au mbili, hasa kabla ya uamuzi mkubwa, si kwa safari nzima. Mwenye bima nzuri ya kazini anaweza kuniona mchoyo.

Kambi za madaktari kutoka nje

Mara kwa mara hutangazwa kambi: madaktari wageni wanakuja kwa wiki moja wakishirikiana na hospitali ya hapa. Nendeni. Ni nafasi ya kuonwa na mtu ambaye huenda ameona watoto wengi wa hali hii, na wenyeji nao hujifunza. Lakini tofautisheni kuonwa na kupasuliwa. Upasuaji unaoisha siku hiyohiyo, kama kutenganisha vidole vilivyoshikana, unafaa kambi. Kufungwa vyuma vya kurefusha mfupa ni kazi ya miezi, na mgeni ana tiketi ya kurudi. Kabla hamjasaini, mwombeni daktari mwenyeji atakayebaki na mtoto ajitokeze, aseme mwenyewe kwamba vyuma hivyo anavijua na atavifuatilia. Akisitasita, subirini.

Kurefusha au kukata

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo uchaguzi wa daktari unapoamuliwa kwa kweli, na ndipo familia nyingi hugawanyika. Yetu iligawanyika. Kaka alitaka mguu urefushwe kwa gharama yoyote. Wifi, ambaye ndiye angeamka usiku kuosha vidonda vya vyuma, alitaka mguu bandia. Mama yetu alitaka watu wote waache kuzungumzia visu mbele ya mjukuu wake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba tofauti ya urefu inayoonekana leo si ile itakayokuwepo ukubwani. Katika hali hizi za kuzaliwa nazo, uwiano kati ya mguu mfupi na mrefu kwa kawaida haubadiliki, kwa hiyo sentimita zinaongezeka mtoto anavyokua. Kuna hesabu inayotumiwa na madaktari wa fani hii: tofauti ya siku ya kuzaliwa huzidishwa kwa karibu 5 kwa mvulana na karibu 4.6 kwa msichana. Tofauti ya sentimita 2 kwa kichanga wa kiume ni sentimita 10 hivi kwa mwanamume mzima. Akifika mwaka mmoja, kizidisho kinashuka hadi karibu 3.2 kwa mvulana na 3 kwa msichana. Daktari anayewaambia "tofauti ni ndogo, tusubiri tuone" bila kuwatajia itakuwa ngapi ukubwani hajawapa jibu.

La pili ni unyayo. Madaktari wengi hufuata mgawanyo wa Birch, unaouliza mambo mawili: je, unyayo unaweza kubeba mwili ukakanyaga vizuri, na je, mguu ni mfupi kwa asilimia ngapi. Unyayo mzuri wenye vidole vitatu au zaidi na tofauti ndogo huelekea kwenye kuokoa mguu. Unyayo usiofaa, na tofauti inayozidi theluthi hivi, huelekea kwenye kukata kwenye kifundo na kuvaa mguu bandia. Katikati kuna uwanja mpana ambapo mabingwa wazuri hawakubaliani, na hapo ndipo wazazi wanapaswa kusikilizwa.

Kurefusha kunatumia njia ya Ilizarov, daktari wa Kisovyeti aliyeianzisha Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Mfupa unakatwa, unazungushiwa pete za chuma zilizoshikiliwa na nyaya zinazopita mwilini, na baada ya siku chache unavutwa milimita 1 kwa siku. Sentimita 5 ni siku 50 za kuvuta, kisha vyuma vinabaki mfupa mpya ukomae. Makadirio ya kawaida ni mwezi mmoja hivi kwa kila sentimita kwa jumla. Vidonda vya nyaya kuingia wadudu ni jambo la kutarajia. Goti na kifundo hukakamaa kama fiziotherapia haifanyiki kila siku. Mtoto mwenye tofauti kubwa hupitia hayo mara mbili au tatu kabla ya kuwa mtu mzima. Ile misumari ya sumaku inayokaa ndani ya mfupa, mnayoiona kwenye video za mitandaoni, haifai kwa mifupa midogo ya mtoto mchanga, kwa hiyo msiuze kitu kwa ajili yake sasa.

Kukata kwenye kifundo, kwa upande mwingine, kunafanyika mara moja, mara nyingi mtoto anapokaribia kusimama au muda mfupi baada ya hapo, kati ya miezi 10 na 18 hivi. Ngozi ngumu ya kisigino inabaki, anaweza kusimama juu yake chumbani usiku bila kuvaa kitu. Baada ya hapo anahitaji mguu bandia mpya karibu kila mwaka akiwa mdogo, kila miaka 2 hivi akiwa shule ya msingi, na kwa vipindi virefu zaidi akishakuwa kijana. Hiyo ni bili isiyoisha, lakini ni bili ya karakana, si ya chumba cha upasuaji.

Sasa oneni jinsi hili linavyoathiri ushauri mnaopewa. Ukimuuliza seremala na fundi wa kuchomelea mlango upi ni bora, kila mmoja atakutajia wa kwake, na hakuna anayedanganya. Kituo kilichojijengea jina kwa kurefusha huona sababu ya kurefusha. Kituo chenye karakana nzuri na kisicho na vyuma huona sababu ya kukata. Kwa hiyo mnapotafuta maoni mawili, yasiwe ya watu wawili wa shule moja. Na yeyote anayewaambia kuna njia moja tu, katika ule uwanja wa katikati, mshukuruni na muondoke.

Kijabe, Kisubi na India

Ikiwa upasuaji mgumu umeamuliwa, mahali pa kwanza ninapopafikiria baada ya Upanga si India. Ni Kenya. Hospitali ya watoto ya CURE iliyopo Kijabe, kaskazini magharibi ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1998 na ni ya kwanza kabisa ya shirika hilo. Kazi yake ni watoto wenye ulemavu unaotibika kwa upasuaji wa mifupa. Huko, mtoto mwenye mguu pungufu si mgeni anayepenyezwa kati ya ajali; watoto wa namna yake ndio sababu hospitali ipo. Uganda kuna CoRSU, Kisubi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe, inayofanya upasuaji wa mifupa na ule wa plastiki wa kurekebisha maumbile, jambo linalofaa kwa mikono na vidole.

India ina hospitali kubwa zenye wagonjwa wengi mno, na wingi huo ndio uzoefu. Kwa mkono mgumu, hospitali ya Ganga iliyopo Coimbatore ina jina duniani. Viza ya matibabu, ya mgonjwa na ya msindikizaji, huombwa mtandaoni. Kwa upasuaji wa mara moja unaopona kwa wiki chache, India inaweza kuwa sahihi.

Tofauti inajitokeza kwenye kurefusha. Miezi mitano ya vyuma ni miezi mitano ya chumba cha kupanga, chakula, na mzazi mmoja asiyefanya kazi. Kijabe mama anaongea na nesi kwa Kiswahili, baba anaweza kwenda na kurudi kwa basi kupitia Namanga, na akisikia mtoto ana homa anapanda gari usiku huohuo. Coimbatore, familia nyingi hulazimika kurudi Dar mtoto akiwa bado na vyuma, na hapo linakuja swali lilelile la kambi: nani atavifuatilia? Kama hamjapata jibu la maandishi kutoka kwa bingwa wa Dar aliyekubali kumpokea mtoto, na aliyewasiliana na yule wa India kabla ya safari, safari haijaiva.

Neno kuhusu mawakala wanaowapeleka watu India. Wengine wana msaada wa kweli wa viza na malazi. Ila ulizeni nani anawalipa, kwani wapo wanaolipwa na hospitali wanakowapeleka. Wakala asiwachagulie daktari. Na rufaa ya serikali kwenda nje haianzii kwake. Huanzia kwa jopo la madaktari wa hospitali ya taifa.

Maoni ya mbali

Kuna wanaosoma kuhusu taasisi ya Dror Paley iliyopo West Palm Beach, Florida, au Taasisi ya Rubin ya Baltimore, wakakata tamaa kwa sababu ya gharama. Kutibiwa huko ni mbali na uwezo wa wengi wetu, ndiyo. Lakini vituo hivyo hupokea wagonjwa wa kimataifa, na kuandikia ofisi inayowahudumia si sawa na kupanda ndege. Swali lenyewe liwe fupi: je, mguu huu unafaa kurefushwa, kwa hatua ngapi, na ya kwanza lini? Jibu mtakalopata mnaweza kumpelekea daktari wenu wa Upanga. Mwenye kujiamini hachukii kuletewa maoni ya pili. Mwenye kuchukia amewapa taarifa muhimu kuhusu yeye mwenyewe.

Ili jibu liwe na maana, tumeni kitu kinachosomeka. Picha ya simu ya filamu iliyoegemezwa dirishani haipimiki. Ombeni ekisirei kwenye CD. Mtoto akishaweza kusimama, ipigwe picha ndefu moja inayoonyesha miguu yote miwili kuanzia nyonga hadi vifundo, kibao kikiwa chini ya mguu mfupi ili nyonga zilingane. Ongezeni picha za kawaida za mbele, nyuma, ubavuni na nyayo kwa chini, na video fupi ya anavyotembea. Kwa kichanga, fahamuni kwamba sehemu kubwa ya mifupa yake bado ni gegedu, yaani laini na haijawa mfupa kamili, na haionekani kwenye ekisirei, kwa hiyo "mfupa haupo" ya mwezi wa kwanza huweza kubadilika baadaye.

Karatasi na pesa

Wenye bima wafuate ngazi: Amana, Temeke au Mwananyamala kwanza, mpate barua ya rufaa, ndipo Upanga. Mkiruka ngazi mnaweza kujikuta mnalipa mfukoni. Kwa sera ya nchi, watoto wa chini ya miaka 5 wana msamaha wa gharama katika vituo vya serikali, lakini msamaha haujitangazi. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo inayoushughulikia, na vifaa kama mguu bandia viulizieni peke yake, kabla ya kipimo kuchukuliwa. Hospitali yoyote ya kulipia iwape makadirio ya maandishi yanayotaja vyuma, fiziotherapia na kuondoa vyuma, si upasuaji pekee. Jina la daktari mnaweza kulihakiki kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kwa umri wa mtoto wenu

Chini ya miezi 6, hakuna haraka ya kisu kwa mguu. Haraka ni ya kutambua hali, na ya moyo na figo kama ni mkono. Kati ya miezi 6 na mwaka mmoja, kusanyeni maoni mawili, moja la anayerefusha na moja la mwenye karakana, kwa sababu mkikaribia umri wa kusimama uamuzi wa kukata au kutokata unakuwa na wakati wake mzuri. Akishavuka hapo bila uamuzi, avae kiatu chenye soli iliyonyanyuliwa au kifaa kinacholingana na tofauti yake ili atembee kama wenzake mkiendelea kutafuta. Kiatu kinatengenezwa Msasani au Upanga, na hakizuii uamuzi wowote wa baadaye.

Kaka na wifi walipata maoni yao mawili, yakatofautiana, wakamfuata bingwa aliyewaeleza hasara za njia yake mwenyewe kabla ya faida. Wakachagua kukata. Wanaosafiri kutoka Kilimanjaro na Arusha wasisahau kwamba Moshi, ndani ya eneo la hospitali ya KCMC, ndipo kilipo chuo cha TATCOT, kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia tangu mwaka 1981; kwa mguu bandia hawana sababu ya kushuka hadi Dar.